Kujadiliana Bila Kutukanana: Wajibu wa Usharika katika Mikutano ya Jamii



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za visima, miche ya miti, vikundi vya kuweka na kukopa na vyumba vya madarasa. Safari hii tunapenda kuzungumzia jambo ambalo halipigwi picha siku ya uzinduzi, lakini likikosekana mradi huanguka hata kama mabomba yake ni mapya. Jambo hilo ni namna tunavyosemeshana katika mikutano yetu ya hadhara.

Tuanze na tukio lililotufundisha.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja kilichomo ndani ya eneo la dayosisi yetu, tulikamilisha mradi wa maji ya mserereko. Chanzo kilijengwa vizuri, bomba likafukiwa kwa nguvu za wananchi, na vituo vya kuchotea maji vikafunguliwa kwa sala na nyimbo. Kamati ya maji ilichaguliwa na kupewa mafunzo ya siku tano kuhusu utunzaji wa mabomba na uwekaji wa hesabu. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mjane, msharika wetu, mtu makini ambaye kila shilingi aliiandika siku ileile.

Kabla mwaka haujaisha, maneno yakaanza. Yalisemwa kilabuni, yakasemwa kwenye gulio, na hata nje ya kanisa wakati wa mnada baada ya ibada, kwamba fedha za maji zimeliwa. Ulipofika mkutano mkuu wa kijiji, mzee mmoja alisimama akamwita yule mama mwizi mbele ya watu wote. Wengine walishangilia, wengine wakazomea. Mwenyekiti alijaribu kutuliza kwa kugonga meza, akashindwa, akafunga mkutano. Yule mama aliondoka na daftari lake kwapani. Hakuna aliyemwomba alifungue.

Wiki iliyofuata kamati nzima ilijiuzulu. Watu waliacha kulipia maji. Koki ya tangi ilipoharibika hapakuwa na wa kununua nyingine, na kwa miezi saba akina mama na watoto walirudi kuteka maji korongoni, huku bomba likiwa limepita mbele ya nyumba zao.

Tulipokwenda kufuatilia, tuligundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba fedha zilikuwepo benki, na daftari lilionesha hivyo. La pili ni kwamba yule mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa ameshauliza mara mbili kwa utaratibu, kwanza kwa mwenyekiti wa kamati na baadaye katika ofisi ya kijiji, na mara zote mbili aliambiwa asubiri. Tangu mradi ulipofunguliwa, hesabu hazikuwa zimesomwa hadharani hata mara moja.

Lipo na la tatu, nalo linatuhusu sisi wa ofisi ya miradi. Tuliifundisha kamati kuandika hesabu, lakini hatukupanga siku ya kuzisoma. Katika taarifa yetu ya robo mwaka kwa wafadhili tuliandika kwamba kamati ni imara. Tulikuwa tumekagua mabomba na madaftari. Hatukuangalia kama watu wa kijiji kile wanaweza kuulizana swali gumu bila kuumizana.

Somo tulilopata ndilo tunalotaka kuwashirikisha katika makala hii: pale ambapo taarifa haipo na zamu ya kuuliza haipo, matusi huchukua nafasi. Kwa hiyo heshima katika mkutano haianzi kwa kuwaonya watu wachunge midomo yao. Inaanza na maandalizi, na katika maandalizi hayo usharika una nafasi kubwa.

MJADALA WA HESHIMA NI UPI?

Wapo viongozi wanaodhani kwamba mkutano wenye heshima ni ule ambao watu wote wanaitikia "ndiyo" na kupiga makofi. Huo haujawa mjadala, ni kusomewa matangazo tu. Mjadala wa heshima ni ule ambao mtu anaweza kupinga, kuuliza na kudai maelezo, na anayeulizwa anaweza kujibu, bila yeyote kati yao kuvunjiwa utu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 inayaweka mambo haya mawili pamoja. Ibara ya 12 inatambua kwamba utu wa kila mtu unastahili kuheshimiwa, na ibara ya 18 inatambua uhuru wa kila mtu kuwa na maoni na kuyaeleza. Anayetaka moja na kukataa jingine amechukua nusu.

Aidha, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwa mkutano huo. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza habari za mapato na matumizi si mkorofi. Anatimiza kazi yake ya ujumbe.

Katika mafunzo yetu tunawasaidia watu kutofautisha aina tatu za maneno.

Aina ya kwanza ni ukosoaji. Ukosoaji unaweza kuwa mkali na unaweza kumkera kiongozi, lakini unahusu jambo: fedha, muda, kazi iliyofanyika au isiyofanyika. Huu tunauhitaji.

Aina ya pili ni matusi na kashfa. Hapa msemaji ameacha jambo na kumgeukia mtu: ukoo wake, ndoa yake, ujane wake, umaskini wake, kabila lake au chama chake. Matusi humfanya anayeulizwa ajitetee badala ya kujibu, na swali la msingi hupotea.

Aina ya tatu ni maneno yanayomwondoa mtu katika ubinadamu, kama kuliita kundi la watu wadudu, nyoka au uchafu wa kufagiwa. Sisi tulio karibu na Arusha tuna sababu ya kulijua hili. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanyia kazi katika mji huo, na tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vyombo vilivyotumika kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 2007, katika rufaa, baadhi ya makosa yalifutwa na adhabu zikapunguzwa, lakini wote watatu walibaki na hatia. Watutsi walikuwa wameitwa mende hewani muda mrefu kabla ya mauaji ya mwaka 1994 kuanza. Mwenyekiti wa mkutano akisikia maneno ya aina hii, hata kwa mzaha, asiyaache yapite.

KWA NINI HII NI KAZI YA KANISA?

Wapo washarika wanaotuuliza kama Kanisa halijiingizi katika mambo ya siasa. Tunajibu kwamba Kanisa linafanya kazi iliyo katika Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wetu hujifunza katika darasa la kipaimara. Martin Luther, katika kitabu hicho cha mwaka 1529, anapoeleza Amri ya Nane haishii kwenye kukataza uongo. Anatutaka pia tumtetee jirani, tumseme vizuri, na tuyachukue matendo yake kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Amri hii haibaki kanisani siku ya Jumapili. Inakwenda nasi hadi kwenye uwanja wa mkutano.

Pia tunao mfano katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la kwanza lilipata lalamiko la mgao: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaita walalamikaji wachochezi. Waliita kusanyiko, wakakubali kwamba tatizo lipo, na wakawaachia watu wenyewe wachague saba wa kusimamia kazi hiyo. Ukisoma majina ya wale saba utaona ni ya Kiyunani. Yaelekea kwamba upande uliolalamika ndio uliopewa dhamana ya kugawa. Kamati zetu zina mengi ya kujifunza hapo.

Hatusemi haya kana kwamba Kanisa halijawahi kuteleza. Wazee wa kaskazini wanaukumbuka mgogoro wa Meru wa kati ya mwaka 1990 na 1993, uliotokana na madai ya kupata dayosisi. Washarika wa kanisa moja, wengine ndugu wa ukoo mmoja, waligawanyika hadi kufikia vurugu na uharibifu wa mali. Dayosisi ya Meru ipo leo na inafanya kazi ya Bwana, lakini majeraha ya miaka ile yalichukua muda mrefu kupona. Tunajua kutokana na historia yetu wenyewe kwamba kusali pamoja hakutoshi kama hatujajifunza kutofautiana.

Tunakumbuka pia yaliyotokea Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2012. Ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani ulimalizika kwa mmoja wao kukikojolea kitabu hicho kitakatifu. Habari zilienea upesi, umati ukakusanyika, na makanisa kadhaa yakachomwa moto au kuharibiwa, likiwemo la KKKT. Jambo lililoanza kati ya watoto lilihitaji watu wazima wa pande zote mbili wanaojuana na kuaminiana kabla siku hiyo haijafika. Mahali ambapo mchungaji na sheikh hawajawahi kukaa meza moja, ni vigumu kuanza kuzungumza wakati moto umeshawaka.

Na kwa taifa letu somo hili bado ni la leo. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na machafuko na vifo. Usharika hauwezi kutatua mambo yote ya nchi. Lakini unaweza kusaidia kijiji, mtaa au kata kuwa mahali ambapo mtu anauliza na kujibiwa, na ambapo waliotofautiana jana wanaweza kuchota maji kwenye kituo kimoja leo.

HATUA AMBAZO KAMATI YA USHARIKA INAWEZA KUCHUKUA

Hatua zifuatazo tumezijaribu katika sharika zetu. Hazihitaji fedha nyingi, ila zinahitaji uvumilivu.

1. Taarifa itangulie hoja

Ajenda ibandikwe siku saba kabla ya mkutano katika mbao za matangazo za ofisi ya kijiji, shule, zahanati, kanisa na msikiti. Wasiojua kusoma waelezwe kupitia mabalozi na jumuiya. Kama kuna fedha za watu, mkutano uanze kwa kusoma mapato na matumizi, kabla ya hotuba za wageni. Takwimu ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye bango kitita ili hata aliyekaa nyuma azione. Tumeona mara nyingi kwamba nusu ya maswali makali hujibiwa na bango hilo kabla mtu hajasimama.

Sharika zianzie nyumbani. Usharika ambao hausomi hesabu zake wenyewe hauwezi kuidai serikali ya kijiji isome za kwake.

2. Kanuni zitungwe na wenye mkutano

Mwanzoni mwa mkutano waulizeni watu wanataka kusemeshana namna gani. Andikeni kanuni nne au tano tu, kwa maneno yao. Mara nyingi hutaja haya: mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, asiyemaliza asikatizwe, tuseme jambo tusimseme mtu, anayedai aeleze amejuaje, na simu zizimwe. Kanuni ambazo watu wamejitungia, wao wenyewe ndio hukumbushana.

3. Zamu igawanywe kwa haki

Katika mikutano mingi wanaume wazee hukaa mbele na kusema kwanza, akina mama hukaa pembeni na watoto, na vijana husimama nyuma chini ya mti. Mwishowe sauti tatu au nne huhesabiwa kuwa sauti ya kijiji. Mwenyekiti aweke dakika tatu kwa kila msemaji, na asimpe mtu zamu ya pili kabla wengine hawajapata ya kwanza. Kwa jambo zito, wagawanyeni watu katika makundi ya akina mama, akina baba na vijana kwa nusu saa, kisha kila kundi litoe taarifa. Mama ambaye hatasimama mbele ya watu mia tatu atasema mbele ya wenzake kumi na wawili, na neno lake litafika.

4. Mwenyekiti ageuze tusi kuwa swali

Huu ndio ujuzi tunaoufundisha kwa muda mrefu zaidi. Mtu akisema kwa hasira, mwenyekiti asimnyamazishe tu. Atafute swali lililofichika ndani ya maneno yake, alirudie kwa lugha safi, kisha amwulize kama amemwelewa. Tazameni mifano hii:

Msemaji: "Mmekula hela zetu!" Mwenyekiti: "Mzee wetu anaomba kujua zilikusanywa kiasi gani kwa miezi sita na zimetumikaje. Ndivyo, mzee?"

Msemaji: "Hawa wafugaji ni waharibifu, waondoke." Mwenyekiti: "Ndugu yetu analalamika kwamba mifugo imeingia shambani. Tueleze ni lini, shamba lipi, na hasara ni kiasi gani."

Msemaji: "Wewe ni mwanamke, utatuambia nini?" Mwenyekiti: "Mama ni mjumbe wa mkutano huu kama wewe. Kama una jibu kwa hoja yake, tunalisubiri."

Mtu aliyekasirika akisikia kwamba ameeleweka, kwa kawaida sauti yake hushuka.

5. Maamuzi yaandikwe na kusomwa kabla ya kutawanyika

Kumbukumbu zioneshe kilichoamuliwa, nani atakitekeleza na kwa tarehe gani. Zisomwe palepale. Ugomvi mwingi wa mkutano unaofuata hutokana na watu kukumbuka tofauti yale ya mkutano uliopita.

6. Uvumi upimwe kabla ya kupelekwa mbele

Tunawashauri wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya na wa jumuiya wajiwekee maswali matatu wanapoletewa neno: Nani ameliona kwa macho yake? Lilitokea lini na wapi? Je, mhusika ameulizwa? Kama hakuna majibu, neno hilo liishie hapo. Hii inahusu pia ujumbe wa simu na makundi ya WhatsApp ya usharika, ambako neno husafiri kabla aliyelituma hajamaliza kulifikiri. Wakumbushwe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kwa anayesambaza habari za uongo.

Hapa tunapenda kusema na watumishi wenzetu pia. Mimbari si mahali pa kurushia vijembe. Mchungaji au mwinjilisti anayempiga mtu kwa mafumbo wakati wa mahubiri amemshambulia mtu asiye na zamu ya kujibu. Washarika hujifunza kutoka kwetu.

7. Upatanisho ufuate ngazi

Mathayo sura ya 18 inatupa utaratibu: kwanza zungumza na mhusika mkiwa wawili, kisha na mashahidi, ndipo jambo lifike mbele ya kusanyiko. Kwetu mara nyingi tunageuza, tunaanza na kusanyiko. Kwa migogoro ya ardhi, wananchi waelimishwe kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, halihukumu tena. Baraza hilo lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake. Lisipofanikiwa kupatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo sasa mafanikio ya baraza yanategemea zaidi namna pande mbili zinavyozungumza.

Hata hivyo, si kila jambo ni la kupatanishwa. Kipigo, ubakaji, ukatili kwa watoto na wizi uliothibitika ni makosa ya jinai. Yapelekwe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto inapohusika. Tusitumie neno "heshima" kufunika dhambi wala kumnyamazisha aliyeumizwa. Mama anayelia kwa sababu amepigwa hajavunja heshima ya mkutano.

KILE KIJIJI KILIISHIAJE?

Wasomaji watataka kujua mwisho wa habari tuliyoanza nayo. Baada ya mazungumzo ya wiki kadhaa, mkutano uliitishwa tena katika uwanja wa shule ya msingi. Ulifunguliwa kwa sala ya mwinjilisti na dua ya imamu, na viongozi hao wawili walikaa pamoja mbele hadi mwisho. Kabla ya neno lolote, hesabu za mradi zilisomwa mstari kwa mstari kutoka katika daftari lile lile, na karatasi za benki zikaoneshwa.

Yule mzee alipewa zamu ya kwanza. Aliuliza swali lake upya, safari hii bila neno "mwizi". Mama akajibu. Ikagundulika kwamba manunuzi ya vifaa vya bomba ya mara moja hayakuwa na risiti. Fundi aliyenunua alikuwepo, akaeleza alikonunua, na ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna malipo bila risiti. Swali la mzee lilikuwa na maana, na kijiji kilipata faida kwa kuuliza kwake.

Mzee aliomba radhi mbele ya watu wote, kwa kuwa mbele ya watu wote ndipo alipotukana. Mama alimpa mkono. Lakini alipoombwa arudi kwenye nafasi ya mweka hazina alikataa, na hadi leo hajakubali tena uongozi wowote wa kijiji. Koki ilinunuliwa, maji yanatoka, na hesabu husomwa kila baada ya miezi mitatu. Mtu makini aliyekuwa akiandika kila shilingi siku ileile hatunaye tena kwenye kamati. Hiyo ni hasara ambayo hakuna taarifa ya mradi inayoiandika.

NENO KWA WAFADHILI NA MARAFIKI ZETU

Marafiki wanaotuunga mkono huuliza, kwa nia njema, kwa nini bajeti ya mradi wa maji ina kifungu cha mikutano na mafunzo ya uongozi wa mikutano. Wengine wangependa fedha hizo ziongezwe kwenye mabomba. Tunaelewa. Lakini tumejifunza kwa gharama kwamba bomba lisilo na watu wanaoweza kujadili hesabu zake halina mwenyewe.

Hii inaendana na utaratibu wa nchi. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, miradi ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA kwa kushirikiana na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo hukusanya fedha za wananchi na kuzitumia kwa matengenezo. Uhai wake unategemea imani ya wanaolipa, na imani hiyo hujengwa au kubomolewa katika mkutano.

Kwa sababu hiyo tumebadili utaratibu wetu. Katika kila mradi mpya, kamati haitakabidhiwa funguo kabla haijaongoza mkutano mmoja wa kusoma hesabu mbele ya wananchi, tukiwa tumekaa nyuma kama wasikilizaji. Katika taarifa zetu za robo mwaka tutaandika pia mikutano mingapi ilifanyika, hesabu zilisomwa mara ngapi, ni maswali gani yaliulizwa na yapi bado hayajajibiwa. Tunawaomba mtusomee taarifa hizo kwa makini kama mnavyosoma za fedha, na mtuulize pale tusipoeleweka.

TUNAOMBA NINI KWA SHARIKA?

Hatuombi mfanye yote kwa mara moja. Kwa robo mwaka hii, kila kamati ya usharika ichague mambo matatu:

Kwanza, someni hesabu za usharika hadharani na mruhusu maswali kwa angalau nusu saa.

Pili, mteue watu wawili, mwanamke na mwanaume, watakaohudhuria mafunzo ya uongozi wa mikutano kwa niaba yenu. Mratibu wa jimbo atapokea majina yao.

Tatu, mchungaji na wazee wamtembelee imamu au viongozi wa madhehebu mengine wa eneo lenu, hata kama hakuna tatizo lolote. Nendeni kusalimiana tu na kunywa chai. Siku tatizo likitokea mtakuwa mnajuana.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo tunaongeza kwamba jamii ikijiandaa vizuri, ndimi chache zitajikwaa. Mkutano ujao wa kijiji chenu ukiitishwa, nendeni mapema, mkaulize kama hesabu zitasomwa, na mkae karibu na yule ambaye mnadhani hatapewa zamu.

Mungu awabariki katika kazi hiyo.